Ruhusa ya Chumba cha Mtoni

Hawa mwanangu,

Nakuandikia nikiwa upande huu wa pazia na wewe uko upande wa pili, unafunga mabegi na kuimba kwa sauti ya chini ukidhani sikusikii. Ningeweza kukuita tukaongea. Lakini unanijua mama yako. Nikianza nazungumza, nikiendelea nafoka, na jambo ninalotaka kukuambia limeshaharibiwa na mdomo wangu mara moja. Bora niandike, hata kama mwandiko wangu utakuchekesha.

Habari za kufunga mtungi wa gesi, kuanika godoro na kutokopesha jirani usiyemjua, hizo nazipita. Unazijua, na usizozijua wenyeji wa huko Goba unakokwenda watakufundisha kwa masimango.

Jumapili tulipokuwa tunachambua mchele ulisema neno. Hukuinua kichwa. Uliendelea kutoa mawe kwenye ungo, ukasema, "Mama, mie ndo niliyewafungulia mlango." Miaka yote hii hukuwahi kulitamka, nami sikuwahi kukuuliza unalibebaje. Na mie nikafanya nini? Nikainuka nikasema maji yanachemka, na jiko lenyewe lilikuwa halijawashwa. Uliliona, ukanyamaza kama kawaida yako. Barua hii ndiyo jibu nililopaswa kukupa pale pale.

Itabidi nianze na babu yako. Wewe unamjua kwa picha tu, mzee mwembamba amekaa kwenye kigoda. Alikuja Dar kutoka Newala na tezo lake na patasi chache, akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara, akawa anachonga vinyago na vitanda. Siku moja mzungu mmoja alishuka kwenye gari akampiga picha bila hata kumsalimia. Babu yako alirusha tezo. Lilimpata yule mtu begani, shati likawa jekundu upande mzima, kamera ikaanguka kwenye vumbi. Mie nilikuwa nimekaa juu ya magogo nakula muhogo. Unajua nilihisi nini? Niliona fahari. Polisi walipokuja kumchukua, wakimpiga makofi ya kisogoni mbele ya watu, bado niliona fahari. Nilisema moyoni, baba yangu hachezewi.

Nikakua hivyo. Niliamini kitu chako unakilinda kwa kupiga kwanza, maswali baadaye. Shuleni nilimpasua mwenzangu nyusi kwa chupa ya soda kwa sababu alipekua mkoba wangu. Baba yako, kabla hajatuhama kwenda kwa yule mwanamke wake wa Mbagala, alipata kovu mgongoni. Akikuambia alianguka na baiskeli, anakuficha. Ni pasi ya mkaa, na niliishika mie. Sikusimulii haya nikijisifu. Nataka umjue mtu aliyerudi nyumbani mapema Ijumaa ile.

Nyumba ya Mzee Kondo, pale Mtoni, unaikumbuka. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani bomba, choo na jiko la wote. Sisi tulikuwa chumba cha mwisho, chenye dirisha kubwa la upande wa jua, na ndani yake kitanda alichonichongea babu yako nilipoolewa, cha mninga, ubao wa kichwani umejaa watu waliobebana mabegani. Mzee Kondo, mwenye nyumba, alikipenda kitanda kile kuliko mie niliyekilalia. Kila mgeni wake lazima aonyeshwe. Alikuwa anapiga hodi na kuingia kabla sijaitikia, na mara nyingine nimevaa upande mmoja wa kanga. Nilipomlalamikia alicheka kwa upole akaniuliza, mwanangu, hii nyumba si yangu?

Nami nikamwachia. Mjini hapa mwenye nyumba tunamfanya mzazi. Tunampa shikamoo, tunampelekea sahani ya futari, tunamwachia aingie anapotaka, halafu tunajiona tuna adabu. Kuta zilikuwa zake, sikatai. Lakini maadamu nimelipa kodi, tunaolala humo ni mie na wewe, na nguo zetu na harufu yetu na kitanda cha babu yako havikuwa vyake kugawa. Sikumwambia hivyo hata siku moja. Nilikuwa mwepesi wa kupiga na mzito wa kusema jambo dogo kwa wakati wake.

Shaibu alikuwa kijana mpiga picha wa Buguruni. Aliwahi kumpigia picha binti wa Mzee Kondo siku ya harusi, wakazoeana. Basi duka moja la kukodisha magauni ya bi harusi likampa kazi ya kupiga picha za magauni yao, wakataka chumba chenye sura ya nyumbani, hawakutaka studio yenye pazia la maua ya plastiki. Shaibu akakikumbuka kitanda. Akamwomba Mzee Kondo, na Mzee Kondo akamwambia njooni Ijumaa, mama mwenyewe anakuwa sokoni. Mie hakuniambia. Siamini kwamba alikusudia ubaya. Aliona hakuna cha kuniambia. Wakaja, akawapokea, akawaonyesha mlango, kisha akavaa kanzu akaenda msikitini. Wapangaji wenzetu walikuwa kazini. Mama Tatu wa chumba cha jirani alikuwa gengeni, na wewe ulikuwa peke yako, umerudi shule na ufunguo wetu shingoni. Mjumbe wa mtaa hakuambiwa, vijana wa kijiwe cha bodaboda hawakuambiwa. Katika mtaa mzima aliyejua kwamba wale ni wapiga picha alikuwa mtu mmoja, na amesujudu.

Mie nilikuwa Buguruni na mashuka yangu ya mtumba. Asubuhi ile kibaka alinichana pochi kwa wembe katikati ya watu. Nilimfukuza mpaka nikadondosha kiatu, sikumpata. Nikasimama pale na pochi inaning'inia kama ulimi, wauza nyanya wananionea huruma, na mie nimejaa hamu ya kumpiga mtu. Nikafunga biashara nikarudi Mtoni. Njia nzima nilikuwa nawaza nitakavyomfanya yule kibaka nikimtia mkononi.

Ndiyo hali niliyoingia nayo uani. Na nikaona mwanamume nisiyemjua anatoka na televisheni yangu ameikumbatia kifuani, waya unaburutwa chini. Godoro letu limeegeshwa ukutani juani. Nguo zangu, mpaka zile za ndani, zimemwagwa kwenye jiwe la kufulia. Nyuma yake kijana mwingine, Shaibu, anavuta kabati kwa nguvu, jasho linamtoka. Walikuwa wanatoa vitu ili chumba kibaki na kitanda kitupu, picha ipendeze. Mie ningejuaje? Ningejua kwa kuuliza. Maneno matatu, nyie ni nani, yangetosha. Sikuuliza. Nilivuta pumzi nikapiga yowe la mwizi.

Unaijua Mtoni, neno lile haliitwi mara mbili. Kijiwe kilikuwa nyuma ya ukuta. Walikuja na walichokishika: tofali, nondo, mguu wa meza, mnyororo wa pikipiki. Yule wa televisheni aliiachia ikapasuka, akaruka ukuta wenye vigae vya chupa, nyama ya paja ikabaki juu. Shaibu hakukimbia. Kamera yake ilikuwa ndani, na nadhani aliona hana kosa. Aliinua mikono akatabasamu, Hawa. Alitabasamu kama mtu anayetaka kueleza. Tofali la kwanza lilimpiga kwenye lile tabasamu.

Sitakuficha niliyoyaona, maana ulikuwepo na najua bado unayaota. Alianguka kwa magoti. Wakampiga nondo ya mgongo akalala kifudifudi. Mmoja akamgeuza kwa mguu ili apate uso. Mnyororo ulishuka, na ulipoinuka jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Sauti ya nondo kwenye mbavu si kama watu wanavyoisimulia, ni ndogo, kama mtu anavunja kuni za kuwashia. Na lililo baya kuliko yote ni hili: kwa kitambo kile mie nilifurahi. Ndani yake nilimwona yule kibaka wa pochi. Nilisogea nikampiga teke la tumbo. Lile teke hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake, wala polisi wala nani. Leo nakuambia wewe.

Halafu ukatokea mlangoni. Umepakwa rangi nyekundu ya midomo, shela la bi harusi limekufunika mpaka puani, na nyuma yako msichana wa watu amevaa gauni jeupe. Ukasema, "Mama, wanatupiga picha."

Nilielewa yote kwa mara moja. Nikapiga kelele siyo mwizi, jamani siyo mwizi, acheni. Sauti ni ile ile iliyowaita, lakini sasa haikuwa na kazi. Mtu anayepiga hasikii. Wengine walidhani namwonea huruma tu, wakaniambia kaa pembeni mama tukusaidie. Nikajitupa juu yake. Nondo iliyokuwa inakuja kwake ikanipata mie begani, nikasikia mfupa unalia, na ndiyo sababu hadi leo unanianikia nguo kwenye kamba ya juu.

Side wa bodaboda unamkumbuka, yule aliyekuwa akitubebea ndoo za maji bure na kukupa pipi. Alikuja na petroli kwenye chupa ya maji. Aliinama karibu na uso wangu, wala hakuwa na hasira, akasema, "Mama Hawa, toka hapo tummalize." Sikutoka. Akamwaga hivyo hivyo, ikanilowesha nywele na mgongo, ikaingia kwenye macho. Nikamsikia anaomba kiberiti na nikamsikia mtu anampa.

Panga la kuni la Mama Tatu lilikuwa karibu na mafiga. Nililifikia kwa mkono wa kushoto. Sikulenga, nilizungusha tu kule kulikokuwa na kiberiti. Vidole viwili vya Side vilikatika, kimoja kabisa na kingine kikabaki kinaning'inia kwenye ngozi. Kiberiti kikaanguka kwenye damu. Nikasimama na panga lile, nanuka petroli, nikawaambia anayetaka aje. Nilikuwa tayari kuua, mwanangu. Nilikuwa tayari kumuua kijana aliyetubebea maji ili kumwokoa kijana niliyemtoa kafara mwenyewe. Walirudi nyuma mmoja mmoja.

Hapo ndipo Mzee Kondo akaingia, anatoka swala, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Akatazama uwanja wake. Akasema taratibu, "Jamani, mbona nimewaruhusu mimi?"

Nilimtazama nikaona hata yeye hajui amefanya nini.

Yaliyofuata unayajua kwa vipande. Shaibu alipelekwa hospitali, mie nikapelekwa mahabusu kwa vidole vya Side. Wazee wa pande zote wakakaa, kesi ikaishia kwenye fidia, na kitanda cha babu yako kikauzwa kwa ajili ya matibabu ya wote wawili. Nilipokwenda wodini kumwona Shaibu, mama yake alinimwagia chai ya moto kifuani. Sikujifuta. Side yupo bado pale kijiweni, anashika usukani kwa vidole vilivyobaki, na hajawahi kuitikia salamu yangu. Simlaumu. Alikuja kwa sababu nilimwita.

Sasa nakuja pale ambapo mie na wewe tumekuwa tukipakwepa kila siku, kama watu wanaoruka shimo mlangoni kwao bila kulifukia.

Nilipotoka mahabusu nilikukuta kwa Mama Tatu. Alikuwa amekuosha, lakini rangi ilibaki kidogo pembeni ya mdomo. Nilikushika mkono nikakuingiza chumbani, nikafunga mlango kwa komeo. Nikakuuliza nani alikuambia uwafungulie. Ukafungua mdomo kujibu, nikakupiga. Kila ulipotaka kusema nilikupiga tena. Nilikupiga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haunyanyuki, nikakupiga kwa mwiko wa kusongea ugali mpaka ukavunjika, na ulipovunjika nikaendelea na kipande kilichobaki. Ulijikojolea. Mama Tatu alikuwa anagonga mlango analia. Na nilikuambia, nakumbuka kila neno, "Mtu amepoteza jicho kwa sababu yako."

Ulikuwa darasa la pili.

Sikuwa na mahali pa kuliweka jambo langu, nikalitwika mtoto. Na ulilibeba. Toka siku ile ukawa mpole. Hukunitajia tena lile ulilotaka kusema. Walimu wakakusifu, majirani wakaniambia Mama Hawa umejaliwa, binti yako ana adabu. Nami nikazipokea sifa zile nikacheka nao, huku najua kwamba binti yangu haongei kwa sababu kila alipofungua mdomo alikutana na mwiko. Mara nyingine ulikuwa ukishtuka nikiinua tu mkono kujikuna kichwa. Niliona. Kila mara niliona.

Kisha ukakua ukachagua kamera. Mungu ana utani. Siku uliyoniambia nilienda chooni nikalia, halafu nikatoka nikakuuliza kama kazi hiyo inalipa. Kesho unakwenda Goba kupiga picha kwenye vyumba vya watu, vya kupanga, vya kulala wageni, nguo za maduka ya mtandaoni, maharusi, watu wa muziki. Ulinionyesha fomu yako ya ruhusa juzi, umeipanga vizuri, nembo juu, na mstari wa mwenye nyumba kuweka sahihi. Nilisema nzuri. Sikukuambia kilichonichoma. Umeweka mstari wa mwenye nyumba, hukuweka wa mtu anayelala humo.

Uweke, mama. Goba nyumba ni nzuri, zina ngazi na madirisha ya vioo, lakini watu ni wale wale. Mwenye nyumba atakuwa Ulaya au Kariakoo, mlinzi atakuambia bosi kasema poa, na mpangaji yuko kazini hajui kwamba shuka lake litaonekana kwenye simu za watu wote. Huyo ndiye wa kumtafuta. Akikataa, rudisha hela za watu uondoke, hata kama mwanga ni mtamu kiasi gani. Ukiruhusiwa, piga hodi mlango kwa mlango, salimia, sema jina lako na unachokifanya, waambie vijana wa kijiweni kabla hawajakuuliza. Kitu cha mtu usikitoe nje mwenyewe, akutolee mwenyewe mbele ya majirani. Mjini hapa mtu asiyejulikana aliyebeba televisheni ana muda mfupi sana wa kujieleza. Na ukisikia mtu amepiga yowe lile mahali popote, hata kama kilichoibiwa ni chako, wewe usiliitikie.

Naona nimeanza kufundisha. Ngoja niache.

Jana nilikuaga naenda Buguruni kununua vitunguu. Ulicheka kwa sababu vitunguu vipo tele hapa. Nilikwenda kwa Shaibu. Ana kibanda karibu na pale magari yanapogeuzia, anapiga picha za paspoti na kutoa kopi. Miaka yote nimekuwa napita mbali. Jana niliingia nikakaa kwenye kile kiti cha wateja, na alidhani nataka picha. Aliinua kamera na jicho lake moja, akaniona kwenye kioo, akaishusha. Jicho la kushoto limefunga kabisa, ngozi imejikunja pale.

Nilimwambia sikuja kuomba msamaha, maana nilishaomba kule wodini na hakunipa na ana haki. Nilimwambia binti yangu anaondoka, na bado anaamini kwamba yote yale yalitokea kwa sababu aliwafungulia mlango. Nikamwomba anisaidie jinsi ya kukuambia kwamba mtoto mdogo akiambiwa na wakubwa afungue, atafungua, na kosa si lake.

Akaniuliza nani alisema kwamba ulifungua. Nikamwambia wewe mwenyewe, Jumapili, kwa mdomo wako.

Alichosema nakuandikia kama alivyosema, sikupunguza. "Mama Hawa, yule mtoto alikataa. Alisimama mlangoni kaushika ufunguo kwa mikono yote miwili, akasema mama hayupo, msubirini mama. Nikamwambia mwenye nyumba kasharuhusu. Akasema nyumba ya babu Kondo, chumba cha mama. Mie nikacheka. Jua lilikuwa linahama dirishani, nina haraka. Nikamvua ule ufunguo shingoni nikafungua mwenyewe. Akalia, ndo yule dada akambembeleza na rangi ya mdomo."

Kisha akaniambia kwamba alilala wodini na baada ya wodi akiliwaza hilo kuliko lile tofali, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Watu wote walimuuliza nani alimpiga.

Nilitoka pale bila vitunguu. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro wa maji machafu, na nguo zangu nzuri hivyo hivyo, nikalia hadi mama mmoja muuza mihogo akaniuliza kama nimefiwa.

Hukufungua, Hawa. Wewe umesahau, na mie ndiye niliyekusahaulisha. Nilikupiga mpaka ukaamini kitu ambacho hukukifanya, ukakibeba mpaka umekuwa mwanamke mzima, ukakisema Jumapili ukiwa umeinamia ungo. Siku ile nilipofunga lile komeo, ulichokuwa unataka kuniambia kati ya kipigo na kipigo ndicho hiki. Ulikuwa unataka kuniambia kwamba uliwaambia wanisubiri. Sasa nimekusikia. Nimechelewa sana, lakini nimekusikia.

Katika nyumba ile Mzee Kondo aliruhusu kisicho chake, Shaibu alikimbilia jua, mie nilipiga yowe. Aliyesema asubiriwe mwenye chumba ni mtoto mmoja, na mtoto huyo ndiye niliyemvunjia mwiko.

Nisamehe, mwanangu. Usinijibu leo. Nenda kwanza.

Mama yako